Wanja Usiofutika: Nyusi za Kuchorwa, Riziki na Mizani ya Dini

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu wasomaji, kwa muda sasa tumekuwa tukipokea maswali kuhusu jambo ambalo bibi zetu hawakulijua kwa sura lililo nayo leo, nalo ni urembo wa kudumu: nyusi zilizochorwa zisitoke kwa maji, wanja uliotiwa kwenye kope ukakaa miaka, na midomo iliyopewa rangi isiyohitaji kupakwa tena kila asubuhi. Katika maswali hayo tumechagua mawili, kwa kuwa yanalitazama jambo moja kutoka pande zisizofanana.

La kwanza limetoka kwa binti anayefanya kazi saluni. Mwenye saluni yuko tayari kumlipia mafunzo ya siku tatu ajifunze kuchora nyusi, kwani wateja wanaiulizia kazi hiyo kila siku, na malipo ya mteja mmoja yanapita ya kusuka vichwa kadhaa. Anauliza: je, fedha hizo ni halali? La pili limetoka kwa mama aliyetibiwa saratani ya titi. Amepona, alhamdulillah, lakini nyusi zake hazikurudi. Anasema kila anapojitazama kwenye kioo hauoni uso wake, anauona ugonjwa. Jirani mmoja alimshauri akachorwe, wa pili akamwambia kuwa akifanya hivyo atakuwa amejiingiza katika laana.

Haifai kuwajibu wawili hawa kwa neno moja. Kwanza tukubaliane jambo lenyewe ni nini.

Fundi wa nyusi za kudumu hutumia ama mashine ndogo yenye sindano inayopiga haraka, ama kijaluba cha mkononi chenye safu ya sindano nyembamba zilizopangwa kama wembe. Njia hii ya pili ndiyo inayoitwa maikrobledi. Ngozi hukatwa mistari myembamba mfano wa unywele mmoja mmoja, na rangi hupenyezwa ndani ya mikato hiyo. Baada ya wiki kadhaa mteja hurudi ili sehemu zilizopauka ziguswe tena. Rangi hudumu kwa kawaida kati ya mwaka mmoja na mitatu, kisha hufifia, na mara nyingine haifutiki yote bali hubadilika ikawa nyekundu au ya kijivujivu. Kwa hiyo hata neno "kudumu" lina walakini wake.

Sasa, kitendo cha kuchoma au kukata ngozi na kutia rangi ndani yake Waarabu walikijua tangu kale kwa jina la washm. Sisi katika tafsiri zetu za Kiswahili tumezoea kusema kuchanja chale, na vijana wa leo wanasema tatuu. Nyusi za kudumu ni tatuu. Hilo hawalikatai hata mafundi wenyewe wanapozungumza wao kwa wao, na sheria za nchi nyingi zinaziweka katika kundi hilo hilo. Majina matamu ndiyo yanayobadilika. Nchini Indonesia na Malaysia, ambako Waislamu ni wengi, kazi hii huitwa sulam, yaani kudarizi, kana kwamba nyusi ni kofia ya kiua. Wala ujanja huu si wa leo. George Burchett, fundi tatuu mashuhuri wa London aliyefariki mwaka 1953, alieleza katika kumbukumbu zake kuwa zilikuwepo nyumba za urembo zilizowatia wanawake rangi chini ya ngozi ya uso na kuwaambia kuwa ni tiba ya ngozi tu, bila wao kujua kuwa wamechanjwa.

Tukishakubaliana juu ya hilo, mafundisho ya dini yanajulikana. Katika hadithi iliyopokelewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abdullah bin Masoud (R.A.), wametajwa kwa laana wanawake wanaochanja na wanaotaka kuchanjwa, wanaong'oa nyusi na wanaotengeneza mwanya wa meno kwa ajili ya uzuri, wakibadilisha maumbile ya Mwenyezi Mungu. Habari hiyo ilimfikia mwanamke mmoja wa Banu Asad aliyekuwa akiitwa Ummu Yaaqub, msomaji wa Qur'ani. Hakukaa nyumbani akanung'unika. Alimwendea Ibn Masoud akamkabili: yeye amesoma Msahafu mwanzo hadi mwisho na hakuliona jambo hilo. Ibn Masoud akamjibu kuwa angeusoma kwa mazingatio angeliona, kwani humo mna amri ya kuchukua alichokuja nacho Mtume na kuacha alichokataza. Bibi yule hakuishia hapo. Akasema anadhani mke wa Ibn Masoud naye hufanya hayo. Akaambiwa aingie ndani akatazame. Akaingia, asione kitu. Tunapenda kisa hiki kwa sababu kinatuonyesha kuwa mwanamke kuuliza, na hata kubishana, katika jambo linalohusu uso wake mwenyewe ni sunna ya tangu zama za masahaba. Anayewakemea wanawake wanaouliza leo ameikosa adabu ya Ibn Masoud.

Binti yetu wa saluni yamhusu zaidi hadithi nyingine, ya Abu Juhaifa (R.A.), ambayo Bukhari ameiweka katika mlango wa biashara. Humo Mtume (S.A.W.) amekataza thamani ya damu na thamani ya mbwa, na akamtaja kwa laana mwenye kuchanja na mwenye kuchanjwa, pamoja na mwenye kula riba na mwenye kuilipa. Tazama majirani waliowekwa pamoja. Jambo hili halikutajwa kama suala la urembo peke yake. Limetajwa sokoni, penye mapato.

Wapo wanazuoni wa zama hizi, wakiwemo wa Misri, waliotofautisha. Wamesema tatuu iliyokatazwa ni ile inayopenya ndani, damu ikatoka na kuganda pamoja na rangi. Ama rangi inayokaa kwenye tabaka la nje la ngozi na kuondoka baada ya muda, hiyo hukumu yake ni kama ya hina. Kauli hii tunaiheshimu, na msingi wake ni sahihi. Tatizo letu ni kama inaihusu kazi inayofanyika saluni. Madaktari wa ngozi wanatufundisha kuwa tabaka la nje hujibadilisha lote kwa muda wa takriban mwezi mmoja, ngozi kuukuu ikipukutika na mpya ikipanda. Ndiyo maana hina haivuki wiki mbili au tatu. Rangi inayokaa mwaka mzima haiwezi kuwa kwenye tabaka hilo. Imeshuka chini yake, penye mishipa ya damu. Mteja aliyeona vitone vyekundu kwenye pamba ya fundi hahitaji daktari wa kumthibitishia.

Na yule aliyekwisha kuchorwa? Hapa watu wengi wanateswa na maneno ya mitaani kuwa udhu wake haushiki na sala zake zote zimekwenda bure. Rangi iliyo ndani ya ngozi haizuii maji kufika juu ya ngozi, kwa hiyo haifanani na rangi ya kucha. Lililozungumzwa na mafakihi wa madhehebu yetu ya Shafii ni unajisi wa damu iliyochanganyika na rangi. Imamu Nawawi ameeleza kuwa ikiwezekana kuiondoa kwa matibabu ataiondoa. Ama ikiwa haiondoki ila kwa kujijeruhi na akachelea kudhurika au kuharibika kwa kiungo, halazimiki, na toba yamtosha. Maneno haya yameandikwa karne saba na zaidi zilizopita, na leza ya leo imeyathibitisha kwa namna ya ajabu. Rangi nyingi za nyusi na midomo zimetengenezwa kwa oksidi ya chuma au titani, na zikipigwa na miale ya leza baadhi yake hugeuka nyeusi badala ya kufutika. Mtu huenda kuondoa nyusi za kahawia akarudi nyumbani na nyusi za makaa. Basi anayetaka kuondoa asikimbilie mashine ya kwanza anayoiona. Amwone daktari wa ngozi, na rangi ijaribiwe kwanza kwenye sehemu ndogo.

Tuingie katika madhara, kwani dini yetu imeweka kuhifadhi nafsi mbele ya mapambo. Sindano iliyomgusa mtu mmoja ikamgusa mwingine huweza kuhamisha virusi vya Ukimwi na vya homa ya ini aina ya B na C. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili, juu ya meza au kifaa kilichokauka, kwa siku saba na hata zaidi. Wembe mpya peke yake hautoshi ikiwa kikopo cha rangi ni kile kile kilichochovywa jana. Maji nayo yana habari yake. Mwaka 2009 nchini Uswisi, nchi isiyo na upungufu wa maji safi, watu 12 waliochorwa nyusi na fundi mmoja walipata vidonda vilivyosababishwa na bakteria wa ukoo wa wale wa kifua kikuu, wakahitaji mchanganyiko wa dawa, na baadhi yao upasuaji. Ngozi nyeusi, kama zilivyo nyingi zetu, ina mwelekeo mkubwa zaidi wa kuota makovu yanayovimba. Aliyewahi kupata kovu la namna hiyo kwa kutogwa sikio tu asithubutu kupeleka uso wake kwenye sindano. Wengine hupata mzio wa rangi yenyewe, nao huweza kuja baada ya miezi au miaka, wakati rangi imeshakuwa sehemu ya mwili na haiwezi kuoshwa.

Nchini Marekani, mamlaka ya chakula na dawa ilipata katika miaka ya 2003 na 2004 taarifa zaidi ya 150 za watu waliodhurika kwa baadhi ya rangi za urembo wa kudumu. Mamlaka hiyo inasema wazi kuwa haijaidhinisha rangi yoyote kwa ajili ya kudungwa ndani ya ngozi kwa urembo. Umoja wa Ulaya, kuanzia Januari 2022, umeweka mipaka kwa maelfu ya kemikali katika wino wa tatuu na wa urembo wa kudumu. Tunajiuliza, na kila msomaji ajiulize: ikiwa chupa haikubaliki tena kule, itapelekwa wapi ikauzwe?

Kuna waliodhani kuwa dawa ni kupiga marufuku tu. Korea Kusini ilijaribu. Mwaka 1992 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kuwa kuchanja tatuu ni tendo la kitabibu, lisifanywe ila na daktari. Kwa zaidi ya miaka thelathini kazi hiyo haikufa. Nyusi za kudumu zilikuwa kwenye nyuso za watu wa kila rika, na karibu zote zilichorwa na wanawake wasio madaktari, katika vyumba visivyo na bango, wakiishi kwa hofu ya faini na ya mteja atakayewashitaki asipotaka kulipa. Septemba 2025 bunge likapitisha sheria ya kuwapa leseni mafundi wasio madaktari, itakayoanza kutumika baada ya miaka miwili. Uingereza ilichukua njia nyingine: tangu sheria ya mwaka 2003, halmashauri zimepewa mamlaka ya kuwasajili na kuwakagua wanaotia ngozi rangi ya kudumu kwa nusu, kama zinavyowakagua wachanjaji tatuu. Hatuyataji haya ili kuhalalisha kwa kuwa serikali zimeruhusu. Tunayataja kwa sababu wapo wahubiri wanaodhani kuwa wakishapaza sauti mimbarini kazi imekwisha, ilhali sindano zimehamia chumba cha nyuma ambako hakuna wa kukagua maji wala wino.

Na kabla hatujaendelea, wasijisahau wanaume. Wenye vipara siku hizi huchomwa vitone maelfu kichwani ili waonekane kama walionyoa. Sindano ni ile ile na hukumu ni ile ile, lakini hotuba za kuwakemea hatujazisikia.

Turudi kwa mama yetu aliyepona saratani. Hadithi ya laana imepokelewa pia na Abu Daud kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.), na ndani yake kuna nyongeza fupi yenye uzito mkubwa: kuwa laana ni kwa anayefanya hayo pasipo ugonjwa. Yupo pia Arfaja bin As'ad (R.A.), aliyekatwa pua vitani kabla ya Uislamu, akajitengenezea ya fedha ikamnukia vibaya, na Mtume (S.A.W.) akamwelekeza atengeneze ya dhahabu, ingawa dhahabu ni haramu kwa wanaume. Kwa upande wa pili, tusifiche kuwa Mtume (S.A.W.) alikataa ombi la mama wa Kiansari aliyetaka kumuunganishia nywele binti yake, bi harusi aliyepukutika nywele kwa maradhi. Kwa hiyo wanazuoni hawakusema kila mgonjwa ana ruhusa ya kila kitu. Wamepima: je, ni kurudisha kilichoondolewa na maradhi, au ni kumwonyesha mchumba kitu kisichokuwepo?

Kipimo hicho ndicho kilichotumiwa na Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Putrajaya, Malaysia, Julai 2007, likapitisha azimio namba 173 kuhusu upasuaji wa kurekebisha sura. Azimio limeruhusu kurekebisha kasoro za kuzaliwa nazo na zilizoletwa na maradhi, ajali au kuungua, na likaruhusu kuondoa upungufu unaomletea mtu madhara ya mwili au ya nafsi. Limekataza kubadilisha umbile lililo sawa kwa kufuata matamanio na kuiga. Nyusi zilizochukuliwa na dawa za saratani, kovu la moto lililoacha doa jeupe mdomoni, titi lililojengwa upya na daktari likakosa alama yake: haya, kwa ufahamu wetu, yako upande wa kwanza wa azimio hilo.

Basi tunamwambia mama yetu: asibebe laana isiyo yake. Hata hivyo asiharakishe. Nyusi baada ya tiba huchukua miezi kurudi, na za wengi hurudi. Asubiri hadi daktari wake amwambie kuwa zilizobaki ndizo hizo. Asichorwe wakati kinga ya mwili bado iko chini. Aanze na la wepesi, wanja wa kalamu, huenda likamtosha. Akiamua kuchorwa, iwe kwa ushauri wa daktari na kwa mkono wa mwanamke, na rangi iwe ile ya nyusi zake mwenyewe za zamani. Na kwa kuwa yeye atahitaji vipimo tena, amweleze mpigaji picha wa mashine ya sumaku kuwa ana rangi usoni, kwani rangi zenye chuma huweza, kwa nadra, kuleta mwasho na uvimbe. Kipimo asikiache kwa sababu hiyo.

Kuhusu binti yetu, jibu letu ni zito zaidi, na tunajua tunamwandikia mtu mwenye kodi ya chumba na pengine wadogo zake wanaomtegemea. Kumchanja mteja mwenye nyusi zake kamili ili awe na nyusi za msanii fulani, kazi hiyo hatuoni njia ya kuihalalisha, na ujira wake una hukumu ya kazi yenyewe. Kwa kawaida huanza pia kwa kunyoa au kung'oa nyusi alizopewa, nalo ni jambo la pili lililotajwa katika hadithi ile ile. Aidha, mafunzo ya siku tatu hayamtoshi mtu kushika sindano karibu na jicho la mwenzake. Kinyozi anayekosea atasubiri nywele ziote. Huyu akikosea, mteja atauvaa mkono wake usoni kwa miaka, na mwenye saluni aliyemlipia mafunzo hatakuwepo siku hiyo kujibu.

Lakini mwenye saluni ana haki ya kusikia pendekezo na si kukataliwa tu. Hina ya nyusi na ya mikono ni kazi iliyo wazi kwa dada zetu wa pwani, inalipwa vizuri musimu wa harusi, na inataka ustadi ambao si kila mtu anao. Sharti iwe hina kweli. Piko jeusi linalochanganywa na dawa ya kupaka nywele lina kemikali inayounguza ngozi, na aliyeungua mara moja huweza kudhurika vibaya zaidi siku atakapopaka rangi nywele zake. Hiyo nayo asiifanye, hata mteja akiomba nyeusi ishike haraka.

Na ikiwa moyo wake umependa sindano yenyewe, iko kazi inayosubiri mikono ya kike. Wanawake waliokatwa titi, walioungua, waliopoteza nyusi kwa maradhi, wanaona haya kuvua nguo mbele ya fundi mwanamume, na wengi huacha kabisa. Kwa kazi hiyo asitosheke na cheti cha siku tatu. Aanzie chuo cha uuguzi au afanye kazi chini ya daktari wa ngozi, ajifunze kutakasa vifaa, kuchanjwa yeye mwenyewe chanjo ya homa ya ini, kusoma kovu lililopona na lisilopona, na kumkatalia mteja asiyefaa kuguswa. Ni miaka, si siku tatu, na mwanzoni kipato chake kitakuwa chini ya kile alichoahidiwa saluni.

Wapo wasomaji waliotuuliza pia kuhusu kope za gundi na hukumu ya udhu kwa anayezivaa kwa wiki kadhaa. Hilo, inshaallah, tutalitazama Ijumaa ijayo.

Wallahu aalam.